Tusifungie Ugonjwa Ndani ya Nyumba

Sisi tunaokaa Njombe hatuhitaji kalenda ili kujua kwamba mwezi wa sita umeingia. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai na miti ya miwati hata saa nne, maji ya ndoo huuma vidole, na watoto huenda shule wamejikunyata kama vifaranga. Jioni ikifika kila mtu hukimbilia ndani. Mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na penye ufa husokotwa kitambaa au gazeti kuukuu. Methali yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Basi sisi watu wa nyanda za juu tumeitii methali hiyo kupita kiasi, maana wakati wa kipupwe hatuachi ufa hata mmoja. Kisha twaingiza jiko la mkaa chumbani, twaketi kulizunguka, wazee, vijana na watoto wachanga, nasi twasema, "Sasa baridi imeshindwa."

Leo nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kwamba tunapodhani tumeifungia baridi nje, mara nyingi tumeufungia ugonjwa ndani. Sikujifunza jambo hili chuoni, ingawa nilisoma chuo cha ualimu na somo la afya nililifaulu vizuri. Nilijifunza nyumbani kwangu, katika kipupwe cha mwaka 2023, na ilibaki kidogo tu nijifunze wakati nimekwisha kuchelewa.

Kazi yangu ni karani wa parokia. Mimi ndiye ninayeandika katika vitabu: kitabu cha Ubatizo, cha Kipaimara, cha Ndoa, na cha Marehemu. Katika kitabu cha Marehemu mna safu ya jina, safu ya umri, safu ya tarehe ya maziko, na safu nyembamba ya sababu ya kifo. Mtu mzima akifa, ndugu zake hueleza mengi, hata safu haitoshi. Lakini afapo mtoto mdogo, baba yake huja ofisini, husimama mlangoni na kofia mkononi, nikimwuliza sababu hujibu neno moja tu, "Kifua." Nami huandika "kifua," hupiga mstari, hufunga kitabu. Naungama mbele yenu kwamba kwa miaka kadhaa niliandika neno hilo kama mtu aandikavyo bei ya mishumaa.

Katika mwezi wa Julai wa mwaka ule, wiki iliyofuata Saba Saba, nilirudi nyumbani kutoka ofisini nikiwa na mafua. Si ajabu. Watu wengi huja ofisini kwetu, huketi kwenye benchi moja, na wakati wa baridi mlango wetu nao hufungwa. Nilipofika nyumbani nilifanya kama siku zote. Nilimchukua binti yetu mdogo, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, nikampakata, nikambusu, nikampa kijiko changu achezee. Mke wangu akasema, "Baba, wewe unakohoa, mwache mtoto kwanza." Nikacheka, nikamjibu kwamba mafua ni mafua tu.

Siku ya tatu mtoto akaanza kutoka kamasi. Siku ya tano akawa na homa na kikohozi. Mama yangu mzazi, anayekaa nasi, akasema mtoto amepigwa na baridi, basi tumtunze. Tukamvika nguo juu ya nguo, tukafunga dirisha la chumba, tukaleta jiko la mkaa karibu na kitanda. Mimi nikakumbuka kwamba katika kabati kulikuwa na chupa ya dawa ya maji aliyobakiza kaka yake alipougua mwaka uliotangulia. Nikaitikisa, nikampa kijiko. Nilijiona baba mwenye akili, asiyekimbilia hospitali kwa kila jambo dogo.

Jumapili nilikwenda kanisani, maana ndiyo siku ya kazi yangu nyingi. Niliporudi jioni mtoto alikuwa amekataa ziwa. Hakulia tena, nami kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba ametulia. Mke wangu hakufurahi. Akatoka bila kuniaga, akamwita jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ni mhudumu wa afya katika kijiji chetu.

Mama yule aliingia, akasimama mlangoni kidogo, akakohoa kwa moshi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua dirisha. Mama yangu akashtuka. La pili, alitoa jiko nje kwa mikono yake. Kisha akasema, "Karani, zima redio hiyo, kisha lete saa. Mfunueni mtoto kifua."

Akamtazama mtoto kifuani, nami nikamtajia sekunde. Dakika moja ilipotimia akasema, "58." Kisha akatuonyesha chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta pumzi, nyama ya pale ilibonyea ndani, kama kitambaa kinachovutwa. Akasema, "Mtoto wa umri huu, ikifika 40 tu, si mafua tena. Na huyu hanyonyi. Ondokeni sasa hivi, msingoje kuche."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa tarakimu. Kutwa nahesabu sadaka, majina na tarehe. Lakini pumzi za mwanangu mwenyewe sikuwa nimezihesabu hata mara moja.

Tulimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, tukapanda pikipiki katika ukungu hata zahanati. Mganga wa zamu akamdunga sindano ya kwanza, akaandika barua, akatutuma hospitali usiku ule ule. Huko walimwekea mrija mwembamba puani, akapewa hewa ya oksijeni. Walisema ni homa kali ya mapafu, yaani nimonia. Tulilala huko siku 5. Katika kitanda cha jirani alikuwamo mtoto mwingine wa kiume, mdogo kidogo kuliko wetu. Mama yake alitoka kijiji cha mbali, naye alikuwa amengoja siku nyingi kuliko sisi. Siku ya tatu asubuhi nilimwona akikunja kanga zake peke yake. Hatukujua la kumwambia. Mke wangu alimshika mkono tu.

Nilipokaa pale, muuguzi mmoja aliniuliza pole pole, "Nyumbani mnapikia wapi? Mnalala na jiko? Nani wa kwanza kuugua?" Nilijibu kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hakulisoma. Naye akanieleza mambo ambayo nataka niwaeleze na ninyi.

Jambo la kwanza, baridi peke yake haizai homa ya mapafu. Mafua na homa za kifua huletwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao huitwa virusi, nao ndio waletao mafua ya kawaida na homa ya mafua. Wengine huitwa bakteria, na mara nyingi hao huingia nyuma ya virusi, kama mwizi aingiavyo katika nyumba ambayo mlango wake umekwisha kuvunjwa. Vijidudu hao hutoka kwa mtu akohoaye, apigaye chafya, au hata asemaye kwa karibu. Wakati wa kipupwe twaugua zaidi, kwa sababu hewa ya baridi na kavu huwafaa virusi wengi, na zaidi ya hayo kwa sababu sisi wenyewe twasongamana ndani, dirisha limefungwa, tunavuta pumzi zile zile tulizozitoa.

Jambo la pili ni moshi. Moshi wa kuni na mkaa huchubua njia za hewa za mtoto, na kifua kilichochubuka hakina nguvu ya kujikinga. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtoto anayekaa katika moshi wa nyumbani ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa mapafu kuliko asiyekaa humo. Tena mkaa una hila nyingine. Hata usipotoa moshi wa kuonekana, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa hewa hiyo huwalaza watu usingizi wasioamka. Kwa hiyo kulala na jiko la mkaa chumbani ni hatari mbili kwa pamoja.

Jambo la tatu, ugonjwa huu si mdogo hata kidogo. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani pote. Walakini ni ugonjwa unaotibika. Dawa yake ya kawaida kwa mtoto ambaye hajazidiwa ni vidonge vya kuyeyusha katika maji, tena si ya bei kubwa. Watoto wengi hufa kwa sababu ya kuchelewa.

Tuliporudi nyumbani, kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kusema na mama yangu. Mtoto hamfundishi mzazi, hasa katika mambo ya kulea. Nilizunguka siku mbili bila kusema. Siku ya tatu, alipokuwa akirudisha jiko chumbani, nikapiga magoti nikalipokea, nikasema, "Mama, nakuomba, hili lisilale humu tena. Hospitali wamesema ndilo lililomwumiza mtoto."

Akaniangalia. "Mwanangu, sisi tumelelewa katika moshi. Nyumba ya bibi yako haikuwa na dirisha hata moja. Na mbona tumekua?"

Sikujibu. Sikuwa na jibu ambalo lingekuwa na adabu. Yeye akaketi kwenye kigoda, akanyamaza, nikamwona vidole vyake vikitembea juu ya goti, kimoja baada ya kimoja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tulizaliwa tisa. Tuliokua ni watano. Yule wa kwanza baada yangu alikuwa akikohoa hivi hivi."

Hatukusema zaidi. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta dirisha la chumba cha mtoto liko wazi, na jiko liko nje chini ya ukingo wa paa. Aliyeyafanya hayo ni mama. Tangu siku ile yeye ndiye mlinzi wa dirisha katika nyumba yetu, na ole wake mjukuu anayelifunga kabla ya jioni.

Basi nitaeleza tunavyofanya sasa, si kwa kujisifu, bali ili mwenzangu achukue linalomfaa.

Kwanza hewa. Asubuhi twafungua madirisha na mlango, hata kama kuna ukungu, hata hewa ya usiku itoke. Usiku twaacha nafasi ndogo juu ya dirisha. Mtoto hupata joto kwa kofia, soksi, blanketi na mwili wa mama yake, wala si kwa jiko. Kitoto kichanga hupata joto zuri sana kikibebwa ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, na blanketi juu.

Pili, moto. Twapikia katika jiko la nje. Sikuwa na fedha za kujenga jiko la dohani mara moja, lakini nilipandisha ukuta nusu na kuacha upande mmoja wazi, moshi ukapata njia. Kuni twaanika mpaka zikauke kabisa, maana kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Mtoto hakai mgongoni pa mama wakati wa kuchochea moto. Atakaa na bibi yake, au na mimi. Na mwenye kuvuta sigara, akiwa mgeni au mwenyeji, huvutia mbali na nyumba.

Tatu, mikono na kikohozi. Wengi mnakumbuka mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, ndoo za maji na sabuni zilikuwa kwenye milango ya makanisa, maduka na ofisi. Ugonjwa ulipopungua, ndoo nazo zikapotea. Ndoo ya kanisa letu niliikuta imekuwa ya kumwagilia maua. Nilimwomba Baba Paroko, naye akaniruhusu kuirudisha mlangoni wakati wa kipupwe. Maana maji na sabuni huondoa vijidudu wa korona na wa mafua pia. Nyumbani twanawa kabla ya kumshika mtoto, kabla ya kula, na baada ya kupenga kamasi. Akohoaye hukohoa katika kiwiko cha mkono au katika leso. Na mimi nikiwa na mafua simbebi mtoto, wala simbusu, ingawa roho hutaka. Nikilazimika kumbeba, navaa barakoa.

Hapa nitasema neno kwa waamini wenzangu. Tuna desturi nzuri ya kupokezana watoto baada ya Misa, kila mama anataka kumpakata mtoto wa mwenzake. Desturi hiyo ni ya upendo. Lakini mwenye mafua amwonyeshe mtoto upendo kwa kumpungia mkono kutoka mbali. Na mgonjwa mwenye homa na kikohozi kikali asijilazimishe kuja kanisani akidhani atatenda dhambi. Kanisa halimfungi mgonjwa, wala mama anayemwuguza mtoto wake. Kubaki nyumbani ili usiwaambukize wenzako nako ni kumpenda jirani.

Nne, chanjo na chakula. Katika nchi yetu chanjo dhidi ya vijidudu wakubwa wa nimonia hutolewa kliniki mtoto atimizapo wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Moja ya chanjo hizo ilianza kutolewa kwa watoto wetu wote tangu mwaka 2013. Chanjo ya surua hutolewa katika mwezi wa 9 na tena mwezi wa 18, nayo husaidia, kwa sababu surua mara nyingi humwachia mtoto homa ya mapafu. Nilipotazama kadi ya binti yetu niliona chanjo zake za wiki zipo zote, na daktari alisema huenda hizo ndizo zilizomsaidia kushinda. Sikuzitafuta mimi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipanga foleni kliniki na mtoto mgongoni, wakati mimi nikiandika vitabu vyangu. Tena mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha apate chakula chenye nguvu pamoja na maziwa hayo. Huku kwetu kuna maharagwe, njegere, viazi, mayai na maparachichi, hatuna udhuru.

Tano, dawa. Mafua ya kawaida hayatibiwi kwa dawa za kuua bakteria. Mpe mgonjwa vinywaji vya uvuguvugu, apumzike, na mtoto anyonye mara nyingi. Asali kidogo hutuliza kikohozi, lakini usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, maana yaweza kumdhuru. Usimpe mtoto dawa iliyobaki ya mwenzake, kama nilivyofanya mimi. Daktari aliniambia kwamba dawa ile ilikuwa imekwisha muda wake, na kwamba vijiko viwili vya dawa haviponyi nimonia bali hufundisha vijidudu kuizoea. Mganga akikupa dawa ya siku 5, mpe mtoto siku 5, hata akianza kucheza siku ya pili. Tena wako wanaowapeleka watoto wenye kikohozi wakakatwe kimeo. La hasha! Kukata kimeo hakuondoi kikohozi, bali huleta kutoka damu nyingi na vidonda vyenye usaha, na watoto wamekufa kwa ajili hiyo. Na mtoto asifukizwe kwa sufuria ya maji yanayochemka, maana wengi wameungua.

Wazee wetu nao tusiwasahau. Mzee, mwenye pumu, mwenye kisukari, mama mjamzito, na mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, hao wote hushikwa na homa za kifua kwa ukali zaidi. Na mtu yeyote akikohoa wiki 2 au zaidi, asiseme ni baridi ya Njombe. Aende akapimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo watibika, na katika nchi yetu dawa zake hutolewa bure.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kama utasahau mengine yote nakuomba ulishike hili. Mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake. Mngoje atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, kwa saa ya mkono, ya ukutani, au ya simu. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Mtoto wa miezi 2 hata asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hata asiyetimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Ikifika hapo, mpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo.

Na kama chini ya mbavu panabonyea kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea na kulala mno hata haamki vizuri, au akoroma kwa kila pumzi ingawa ametulia, usihesabu tena. Ondoka naye saa hiyo hiyo, iwe mchana, iwe usiku. Mtoto mgonjwa akinyamaza usifurahi kabla ya kumtazama vizuri. Neno hili nalisema kwa uchungu.

Baada ya mambo yale, nilimwomba yule mama jirani tuzunguke pamoja katika jumuiya ndogo ndogo za parokia. Yeye hueleza, mimi nashika saa na kuandika ubaoni. Wako akina mama wakubwa waliotuambia kwamba kuhesabu haraka mpaka 50 kunawashinda, wanapotea njiani. Basi tulitumia maharagwe. Weka punje 5 mbele yako. Hesabu pumzi 10, sogeza punje moja, anza tena moja. Dakika ikiisha, tazama ni punje ngapi zimesogea. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, punje 4 zikisogea zote kabla dakika haijaisha, funga mtoto mgongoni uondoke. Bibi mmoja asiyejua kusoma alilifanya zoezi hili vizuri kuliko mimi mwenye cheti cha ualimu. Alitucheka akasema, "Kumbe kazi yenyewe ni ya maharagwe tu!" Naam, ni ya maharagwe, lakini yaweza kuokoa mtu.

Mke wangu naye amenikataza kuandika kana kwamba mimi ndiye niliyemponya mtoto. Asema niandike ukweli. Ukweli ni kwamba mimi nilileta mafua nyumbani, nikatoa dawa isiyofaa, nikasema tungoje. Waliomwokoa ni mama aliyetoka kwenda kuita jirani bila kungoja ruhusa yangu, na jirani aliyefungua dirisha la watu bila kuogopa kulaumiwa. Akina baba wenzangu, mama wa mtoto akisema, "Mtoto huyu si mzima," tusimwombe ushahidi. Tutafute nauli.

Nilipoanza kazi tena, nilifungua kitabu cha Marehemu ili kuandika jina lililoletwa asubuhi ile, la mzee mmoja aliyekufa kwa uzee wake, Mungu amrehemu. Macho yangu yakashuka kwenye ukurasa wa nyuma. Pale palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, wa kipupwe cha mwaka uliotangulia: jina la mtoto wa kike, umri mwaka mmoja na miezi miwili, sababu, "kifua." Umri ule ule wa binti yangu. Nilijaribu kuukumbuka uso wa baba yake aliposimama mlangoni, sikuweza. Niliweka kalamu chini, nikatoka nje mpaka machozi yakauke.

Mwandiko ule siwezi kuufuta, wala haifai kuufuta. Lakini sasa baba akija mlangoni na neno lile moja, namkaribisha aketi. Namwuliza kama nyumbani wako watoto wengine, kama wanakohoa, kama dirisha lao hufunguka. Na jioni mimi na yule mama twapita kwake kumpa pole, naye hubeba maharagwe yake katika mfuko.

Kipupwe kitakuja tena kila mwaka, hatuwezi kukizuia. Mungu atujalie tu kwamba katika miezi hiyo kalamu yangu ichakae katika kitabu cha Ubatizo, na kile kitabu kingine kikae kabatini siku nyingi. Nanyi mnaosoma maneno haya usiku, jiko likiwa karibu nanyi, naomba mlitoe nje kwanza, kisha mmalize kusoma.